Kadi Tatu za Mzee Mwilambwe

Mwanangu, umeniambia kazi uliyopewa ni kutunza majina ya waandishi ndani ya kompyuta inayotumiwa na maktaba nne, na kwamba inakuchosha. Keti basi. Iko siku moja inayonirudia mpaka leo, na kila ikirudi natamani niwe tena pale mezani, niifanye upya.

Nilikuwa msichana wa maktaba ya mjini, hapa Lubumbashi, mwenye mwandiko mzuri na kichwa kilichovimba. Kompyuta hatukuijua. Kila mwandishi alikuwa na kadi ya jina lake, na sisi na wenzetu wa maktaba za mitaa ya Kenya na Karavia, humu humu mjini, tulitumia majina yaleyale ili msomaji asipotee. Jina likibadilika, mkubwa wetu, Tata Kalenga, alitaka kadi tatu: moja ibaki kwetu, mbili ziende kwa wenzetu kwa baiskeli siku hiyohiyo. Na kadi ya jina la zamani ilibaki ndani ya droo, ikimwambia msomaji atazame jina jipya.

Ndipo serikali ikatuamuru tuache majina ya ubatizo, turudie ya mababu. Eee, nchi nzima ilibadilisha jina! Waandishi walituletea karatasi zao kila asubuhi. Mimi niliona Tata Kalenga anatuchelewesha na uzee wake. Niliandika kadi mpya mbio mbio, za zamani nikazichana, na zile za wenzetu nikazitia kwenye sanduku chini ya meza pamoja na karatasi za waandishi, nikisema nitazipeleka zote mara moja. Sanduku likajaa. Nikaanza kuweka miguu juu yake nikichoka.

Siku hiyo akaja msichana aliyetoka Likasi kwa treni, viatu vyake vimejaa vumbi. Alitafuta kijitabu cha ufugaji wa nyuki kilichoandikwa na mwalimu mmoja, Bonifasi Kasongo. Nilivuta droo, nikamwambia hatuna mwandishi wa jina hilo.

"Ni baba yangu," akasema. "Tulipotezana wakati wa vita. Ku Kenya banasema kitabu yake iko huku kwenu."

Nikamjibu kwamba watu wa Kenya wamekosea. Nililisema hilo miguu yangu ikiwa juu ya sanduku. Akanishukuru, akaondoka. Hata jina lake sikumwuliza.

Siku tatu baadaye Tata Kalenga alijikwaa kwenye lile sanduku. Alinikalisha, akaniamuru nisome karatasi moja moja kwa sauti. Nikafika kwenye ya Mwilambwe, mkaaji wa mtaa wa Hewa Bora, aliyeitwa zamani Bonifasi Kasongo. Chini alikuwa ameongeza maneno: "Jina ya zamani musiitupe. Mutoto wangu Odia anajua ile tu." Niliiweka karatasi mezani. Nikamweleza habari za yule msichana.

Hakunitukana, na ningefurahi angenitukana. Alivua miwani, akaifuta, kisha akasema, "Jina ya zamani njo njia ya bantu benye banatutafuta. Weye ulifunga njia."

Alinipa baiskeli, nikazipeleka kadi mwenyewe. Wa Kenya waliniambia msichana alirudi Likasi na hakuacha anwani. Kutoka hapo nilikwenda Hewa Bora kwa mzee. Nilimkuta akipigilia misumari mzinga wa nyuki, nikamwambia yote, machozi yananitoka. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza neno moja tu.

"Alisema 'baba yangu'?"

"Ndiyo, Tata."

Akacheka na kulia kwa pamoja. Akataka nimweleze mwanawe alivyo sasa, mrefu au mfupi, anafanana na nani, nami sikuweza, maana sikumtazama. Nilikumbuka viatu tu.

Tuliandika barua Likasi, kwa mapadri na kwa walimu. Jibu halikuja. Kila Jumamosi mzee alipita maktaba, akavuta droo mwenyewe kuhakikisha kadi ya Bonifasi Kasongo, niliyoiandika upya, bado ipo. Akanisalimu, akaenda zake. Mpaka Jumamosi moja hakuja, wala iliyofuata. Mpaka leo nikipita stesheni na treni ya Likasi imefika, natazama viatu vya wanawake wanaoshuka. Odia naye sasa ni bibi kama mimi, najua. Natazama tu.

Kwa hiyo, mwanangu, ukibadilisha jina kwenye mashine yako, wapelekee wenzako siku hiyohiyo, usingoje yajae. Hakikisha wamelipokea. La zamani usilifute. Liache lielekeze kwenye jipya. Na anayekuja kuuliza, mtazame usoni kabla ya kumwambia hakuna.

Mungu aibariki mikono yako. Akulinde na sanduku kama langu. Na wewe mwenyewe, siku mtu wako atakapokutafuta kwa jina analolijua yeye, akukute.