Nyanya za Ishiara zilizolala zikiwa bado kijani

Wakuu, salamu kutoka Majengo, Meru, ambako nimekodi chumba kwa sasa. Haya yalinipata mwenyewe, na sijapunguza hata pale yanaponiaibisha.

Niliacha shule darasa la saba. Tangu hapo ni kibarua hapa, kibarua pale. Nikiona kitu nisichokielewa, situlii.

Mwaka mmoja nilikuwa Mitunguu, nikimkatia mzee mmoja machipukizi ya nyanya, yale ya pembeni yanayonyonya nguvu ya mche. Nyanya zake zikaanza kunyauka, kazi ikaisha. Nikateremka mpaka Ishiara, kule Mbeere, na kisu changu. Kisu hicho nilikipenda, nilikinoa kila asubuhi.

Ishiara nikapata kazi kwa Mama Wawira, mjane mwenye nyanya kando ya mto. Shamba liliachwa na marehemu mumewe. Lakini msimu uliotangulia mvua ilikataa, na shemeji yake, Njeru, akamwambia mbele ya watu:

"Ukikosa tena, shamba nalichukua. Mkono wako haulei kitu."

Kwa hiyo zile nyanya ndizo zilikuwa shamba lenyewe.

Nilikata machipukizi mstari kwa mstari. Joto la Mbeere limetulia juu ya majani, mto unasikika kwa mbali. Ukiinama humo ni kama uko chini ya maji ya kijani. Nilikuwa na raha sana, wakuu.

Baada ya wiki mbili hivi, mche mmoja ukalala, majani yamelegea, saa sita mchana. Jioni ukaamka. Kesho yake ukalala tena pamoja na majirani zake, na jioni hiyo hakuna aliyeamka.

Kilichonishangaza ni kwamba majani yalikuwa bado kijani na udongo umelowa. Maji yako miguuni, na mmea unakufa kwa kiu.

"We kijana, umezinyima maji?" Mama Wawira akauliza.

"Nimemwagilia asubuhi, mama."

"Basi zinaota ndoto gani saa hii?"

Akamwita afisa wa kilimo, dada mmoja mpole. Akakata shina, akalishikilia ndani ya glasi ya maji safi. Tukainama wote watatu.

Kwenye kidonda ukatoka uzi mweupe, mwembamba, ukashuka polepole kama moshi uliosahau kupanda juu. Ulikuwa mzuri mpaka nikasahau kwamba ni ugonjwa.

"Hao ni bakteria," akasema. "Bacterial wilt, mnyauko wa bakteria. Wanaingia kwa kidonda, kwenye mzizi au pale kisu kimepita. Wanazaana ndani ya mishipa ya maji mpaka inaziba."

Kisha akaniangalia. "Kisu chako kilikuwa wapi kabla ya hapa?"

"Mitunguu, madam. Huko nako zilinyauka."

Nikainua macho. Miche iliyolala ilifuata mistari yangu, vile vile nilivyotembea na kisu.

Ukingoni kulikuwa na ndulele, ule mmea wa miiba huku tunaita mutongu. Umesimama wima kando ya maiti kama haujasikia habari. Nikauliza kwa nini.

"Bakteria wanaingia hata humo. Lakini mutongu unawatambua mapema, unakaza kuta za mishipa, unawafungia pale pale. Kuna watu wanapandikiza nyanya juu ya shina lake."

Nilikaa karibu nao mchana mzima, nikiwaza vita vinavyopiganwa ndani bila jani kutikisika.

Jumamosi Njeru akaja, akamwelekea Mama Wawira. "Nilisema nini? Mkono huu!"

Mama Wawira akaendelea kung'oa miche iliyokufa. Begi langu lilikuwa tayari, ningeweza kuondoka tu.

"Mzee, si mkono wake. Ni wangu."

Nikamweleza yote. Nikakata shina, nikaomba glasi, naye akaangalia ule uzi ukishuka mpaka maji yakawa kama yametiwa maziwa.

"Kwa hivyo hii ardhi imekufa?"

"Hapana. Afisa amesema ikae misimu kadhaa bila nyanya, viazi wala pilipili. Mahindi yatakubali."

Njeru akaiweka glasi chini.

"Basi shemeji apande mahindi," akasema. "Na wewe, toka hapa na hicho kisu chako."

Nikatoka.

Nilichojifunza ni hiki: kunoa si kuosha. Sasa kisu changu nakitumbukiza kwenye maji ya bleach, dawa ya kuua vijidudu, nikiingia shamba na nikitoka, na hata kati ya mche na mche. Ugonjwa haukuhitaji upepo, ulikuwa na mimi.

Mliowahi kupandikiza nyanya juu ya mutongu, zilizaa? Ladha je? Mwenye kutaka kunigombeza pia aingie, nitasoma yote.