Ridhaa Isiyokuwa Yangu

Dada yangu huuza maziwa ya ngamia sokoni Galbet. Asubuhi moja aligombana na mwanamume wa kibanda cha jirani juu ya mahali pa kuweka mitungi. Yule bwana akaushika ushungi wa dada, akauvuta mpaka ukamtoka. Hakumpiga. Dada alibaki kichwa wazi mbele ya wateja, mikono yote miwili juu ya nywele.

Kituoni, askari wa zamu alimwuliza, "Mama, umeumia wapi?"

"Sijaumia. Alinivua."

"Sasa nikuandikie fomu, daktari akatibu kitambaa?" Wenzake wakacheka.

Mimi sikusoma sheria chuoni. Nilinunua kitabu kuukuu cha makosa ya madai, nikakisoma kwa miaka kadhaa, kila jioni baada ya kufunga duka langu, nikinakili kila sura daftarini. Kwa hiyo nilijua kwamba katika kesi ya madai jeraha si lazima. Inatosha kuwa mtu alikusudia kumgusa mwenzake, akamgusa kwa namna ya kumdhalilisha, na aliyeguswa hakuridhia. Nguo iliyovaliwa huhesabiwa kuwa mwili. Nikamweleza dada.

"Kwa hiyo sheria inaona nilichoona mimi?"

"Inaona."

"Basi aulizwe mbele ya hakimu kama alikusudia. Sitaki kingine."

Niliandika hati ya madai mara nne. Kabla sijaifikisha mahakamani, wazee wa pande zote mbili waliketi kufanya maslaha, yaani suluhu ya kimila, maana wapwa zangu walikuwa wameshaonekana sokoni na marungu. Dada hakuitwa. Niliitwa mimi, kaka mkubwa. Yule bwana naye alisemewa na ami yake. Ami huyo akatoa mbuzi wa kuomba radhi.

"Unataka vijana wauane kwa ajili ya kitambaa?" mzee wetu aliniambia. "Tia sahihi, msomi."

Karatasi ilisema mlalamikaji ameridhia. Kati ya wote waliokaa kwenye mkeka ule, ni mimi niliyejua kwa hakika kwamba ridhaa ni ya mwenye mwili. Nikatia sahihi.

Dada alikuwa akinisubiri mlangoni. "Aboowe, kaka yangu, amekubali kwamba alikusudia?"

"Hakuulizwa."

"Na mimi, nani aliniuliza?"

Alinimiminia chai kama anavyommiminia mgeni, akaingia chumbani. Nilikaa mpaka ikapoa. Tangu siku hiyo hajanisimulia lolote linalompata.