Rafadha Mbili za Baba

Harufu ya sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa kwenye mbao za vyombo, ilitushika nyumba nzima msimu ule. Iliingia kwenye mapazia na mito, hata Mama, ambaye ujauzito ulikuwa umemtia pua kali, akawa anakula chakula chake mlangoni ili apate hewa. Nyuma ya nyumba yetu pale Faza, kisiwani, Baba alikuwa akimalizia mashua, na ndani yake alikuwa amefunga injini ya dizeli iliyotolewa kwenye lori bovu huko Mokowe, bara. Majirani walikuja kuitazama kama wanaomtazama mgeni kutoka nchi ya mbali. Mimi nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na sikuwa nimewahi kuona lori. Nilikaa nikiugusa ule mwili wa chuma na kujiuliza mnyama mkubwa kiasi gani alikuwa na moyo kama ule.

Baba hakuwa akiunda mashua ile kwa ajili ya samaki. Mimba iliyotangulia Mama aliipoteza, na daktari wa Lamu alimwonya kwamba safari hii asithubutu kuzalia nyumbani. Kutoka Faza hadi Lamu ni maji matupu, na vyombo vya abiria viliondoka kwa saa zao, si kwa saa ya mwanamke mwenye uchungu.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa rafadha, lile panga la chini linalokata maji na kusukuma chombo. Baba alikuwa nazo mbili. Moja ilikuwa kubwa, ya shaba, yenye mabawa mapana yaliyong'aa. Nyingine ilikuwa ndogo, nyeusi, haina hata haiba. Bila kusita akaifunga ile kubwa. Siku ya majaribio mashua ilichomoka kama iliyofukuzwa, na watu ufukoni wakapiga takbiri. Mama peke yake hakushangilia.

"Baba Zena," alisema, "chombo kitupu hakitanifikisha hospitali. Tia watu."

Aliwaita wanawake yeye mwenyewe. Bi Mwana, mkunga wa mtaa wetu, alikuwa wa kwanza kukunja buibui na kuingia majini, na wengine wakamfuata wakicheka. Mashua ilipojaa, Baba akakanyaga mafuta. Injini ilikoroma, ikatoa moshi mweusi, nayo mashua ikajikokota imeinamisha pua. Baba akasafisha chujio la mafuta, akajaribu tena. Mambo yakawa yale yale.

"Nguvu inazo," Mama alisema. "Lakini umeitwika mzigo kabla haijasimama."

Jioni ile Baba alinichorea mchangani. Rafadha kubwa inakumbatia maji mengi kwa kila mzunguko, akaniambia, kwa hiyo injini inalemewa kabla haijafika kwenye mwendo wenye nguvu zake. Ndogo ingeiacha ipande kwanza. Lakini ikiwa ni ndogo mno, injini itapiga kelele bure na mashua isiende popote. Nilimwuliza ile nyeusi ni ipi kati ya hizo. "Sijui, mwanangu," akajibu. Sikuwa nimewahi kumsikia Baba akisema hajui.

Maji yalipokupwa na mashua kulala kwenye matope, Baba akabadilisha rafadha, akafunga ile nyeusi. Kabla hajapata wasaa wa kuijaribu, uchungu ukamshika Mama. Ilikuwa asubuhi, na vyombo vya abiria vilikwisha kuondoka. Tulipanda pamoja na Bi Mwana na majirani wa kusaidia kubeba. Mama alikataa kuuachia mkono wangu, nami nikaenda.

"Bismillahi," Baba akasema, akakanyaga.

Sauti ya injini ilianza chini, ikapanda, ikaendelea kupanda hadi nikaogopa kwamba itapasuka. Nilimwona Baba amefumba macho. Kisha kitu kikatusukuma mgongoni, pua ya mashua ikainuka juu ya maji, na mikoko ya kando ikaanza kukimbia. Chuma kilichokufa nchi kavu kilikuwa kikitubeba sote. "Ndia ni nyeupe!" Bi Mwana alipaza sauti, yaani njia i wazi. "Twende!" Tuliwahi kupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari usiopitika maji yakikupwa, maji yangali yamejaa. Mdogo wangu alizaliwa hospitalini kabla ya adhana ya adhuhuri, akilia kwa sauti iliyomfanya Baba akae chini sakafuni.

Mwaka jana nilivuka njia ile kwa boti ya faiba yenye injini mbili mpya. Tulifika kabla sijamaliza kuzungumza kwenye simu, na namshukuru Mungu, maana wajawazito wa Faza leo hawasubiri mtu aunde chombo. Nyuma yetu maji yalikuwa yamepasuka njia mbili nyeupe, ndefu hadi mwisho wake usionekane. Hakuna abiria aliyegeuka kuyatazama. Siku ile ya mashua ya Baba tuligeuka sote. Hata Mama, katikati ya uchungu, aliinua kichwa kutoka mapajani mwa Bi Mwana akaomba aone.