Hina Kwenye Kioo cha Zinki

Siku ya kwanza kazini kwenye maabara ya chakula ya Kibiti, Mkuu wa Maabara alinikabidhi beseni na rundo la vioo vidogo. "Osha. Ukimaliza, osha tena." Nilitoka kijijini Mtunda na cheti kipya, nikaona ananidharau.

Baadaye nikaelewa. Mashine yetu ya Raman humulika chakula kwa leza na kusoma mwanga unaorudi. Kila dawa au rangi ina alama yake kwenye mchoro. Mwanga huo ni hafifu mno, kwa hiyo vioo tulivipaka oksidi ya zinki, chembe ndogo kuliko vumbi la unga, za jamii ya semikondakta kama zilizomo kwenye simu zenu. Hizo ndizo zilizokuza alama, ya chakula na ya uchafu vilevile.

Nikiwa bado kwenye majaribio ya ajira, yakaletwa magunia ya kamba wakavu ya akina mama wa delta ya Rufiji. Walishukiwa kutia rangi ya nguo. Glavu zilikuwa zimekwisha, nikavishika vioo kwa vidole. Mchoro ukatoa alama kali ya rangi isiyo ya chakula.

"Tumewakamata," Mkuu akasema, akachukua simu ili magunia yakachomwe.

Kiongozi wao, Bi Mwanahawa, alikuwa kwenye benchi mlangoni. "Baba, sisi twaanika juani tu. Rangi hiyo hata hatuijui. Mkichoma, mwaka huu tumekwisha."

Nikatazama vidole vyangu. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa harusi ya dada yangu. Hina ilikuwa bado imekolea. Kazi nilikuwa naipenda, na nilijua naipoteza.

"Mzee, ni mimi," nikasema, nikamwonyesha mikono.

Akarudi kwenye mashine. "Gusa kioo kitupu." Ikaja alama ileile. Tukapima upya, vioo tukivishika kwa koleo. Kamba walikuwa safi.

Hakunifukuza. "Ila hina na kazi hii, chagua kimoja."

Nikachagua kazi. Kwenye kila harusi nilikaa mikono mitupu, watu wa Ikwiriri, nilikoolewa, wakiniuliza nimefiwa na nani. Mume wangu alipenda hina. Kila Idi alinikumbusha, nami nikamjibu, "Nikistaafu, Baba Zuhura."

Nimestaafu, nimechoka, macho yameisha. Mwezi wa Shaabani nilinunua hina ya Idi. Mume wangu Idi hakuifikia. Sasa niko edani, hina iko kabatini. Eda ikiisha nitakuwa huru kuipaka, lakini aione nani?