Tembo Bila Sauti

Leo banda zima la video hapa Ruangwa limeangalia filamu bila sauti, kwa ajili ya mdogo wangu!

Riziki ana usonji. Nilimpeleka kwa sababu filamu ilihusu mtoto kama yeye, rafiki wa tembo.

Lakini sauti ya mtafsiri, yule anayeisimulia filamu kwa Kiswahili, ilinguruma kwenye spika. Riziki akaziba masikio, akalia.

"Dada, mtoe huyo!" mtu akapaza sauti nyuma yetu.

Nikamshika mkono tutoke.

Ndipo mama mmoja wa kijiji cha Nambilanje, ambaye tembo walimmalizia mahindi shambani, akafoka: "Zima sauti! Tembo tunawajua, hawahitaji kutafsiriwa!"

Watu wakacheka. Sauti ikazimwa.

Tembo wakamzunguka yule mtoto wa kwenye filamu, taratibu. Riziki akashusha mikono.

Tulikaa mpaka mwisho.

Jamani, mmewahi kuwa kwenye banda la video mkasikia watu wanavyopumua?