Jiwe la Mama Mdogo

Nilipostaafu ualimu niligundua kuwa sijui kukaa. Mume wangu alikuwa akiamka anakuta nimeshafagia uwanja, na akimaliza chai ananikuta naufagia tena. Nilikuwa naanza kushona kitambaa naacha, naingia jikoni nasahau nimefuata nini, naenda dukani narudi mikono mitupu. Nyumba yetu iko Utemini, Singida mjini, na miezi ile ya upepo mabati yanagonga kutwa nzima.

"Mwalimu, kaa basi," mume wangu aliniambia.

Nilikaa. Chai haijapoa, nikawa nimesimama.

Miaka mingi nilifundisha shule ya msingi Issuna, na kwaya ya watoto ilikuwa mikononi mwangu. Nadhani ndiyo niliyoikosa. Binti yangu aliyeko Dodoma alilijua hilo, akanitumia video kwenye simu: mzee wa nchi fulani ya Asia akipiga vipande vya mawe vilivyopangwa kama marimba. Baada ya hiyo, simu ikaniletea nyingine na nyingine. Mapipa ya mafuta yaliyofuliwa mpaka yakalia kama kengele. Vyungu vidogo vya shaba vilivyopangwa safu mbili. Bilauri za maji zilizogongwa kwa vijiti. Nilivipita vyote nikarudi kwenye mawe. Sisi Singida mawe yametuzunguka, yako nyuma ya nyumba na katikati ya mashamba ya alizeti, na mimi sikuwahi kufikiria kuligonga hata moja.

Kesho yake nikaenda kwa kina mama wanaoponda kokoto nje ya mji. Nilimwamkia mkubwa wao, nikamuuliza kama kuna mawe yanayolia.

"Marahaba. Yapo," alisema. "Hayo hatuyapendi. Yanarudisha nyundo, mkono unakufa ganzi."

Akaokota bamba moja refu, akaliweka juu ya kandambili zake na kuligonga. Lilitoa sauti safi, ndefu, ambayo sikuitegemea kutoka kwenye jiwe. Kuanzia siku hiyo wakawa wananiwekea yote wasiyoyataka.

Nililaza mawe yangu juu ya kamba mbili za katani kwenye meza ya uani. Nilikuwa na filimbi ndogo ya kwaya, ile ya kupatia sauti, nikawa napuliza, nagonga, nasikiliza. Nilijifunza kwamba ukimega ncha ya jiwe sauti inapanda, ukilipunguza tumbo inashuka. Niliharibu mengi. Baada ya miezi miwili nilikuwa na do, re, mi, fa na so. La haikupatikana. Nililizungukia lile pengo kwenye meza kama kuku anayetafuta pa kutagia. Usingizini nilikuwa naimba ngazi nzima, nikifika pale naamka.

Mwezi wa nane nilikwenda Kinyangiri kumsalimia mama mdogo, mdogo wake marehemu mama. Anaishi peke yake na mbuzi wake, na uwele wake anausaga mwenyewe kwenye jiwe, maana anasema unga wa mashine unanuka dizeli. Alipotoka kufunga mbuzi nilibaki jikoni. Jiwe lilikuwa limeegemezwa ukutani. Bibi alilisagia, kisha yeye, mpaka tumbo limebaki jembamba. Niliinama nikaligonga kwa kidole.

La. Ilikuwa chini kidogo tu, lakini ilikuwa la.

Aliporudi nilimwomba.

"Hilo la mama," alisema. "Chukua kuku. Chukua mbuzi ukitaka. Hilo liache."

"Niazime basi, mama. Wiki moja. Nitaligonga tu, nisikie yakilia yote pamoja."

Akasema maneno machache kwa Kinyiramba, ambayo mama yangu alikuwa akiniambia kila aliponituma na chombo cha mtu: lirudi kama lilivyoondoka. Nikaitikia kwa Kinyiramba vilevile.

Siku tatu nililipiga kama lilivyo. Mume wangu alitoka na kiti chake akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Limekaa vizuri," alisema. Kwake lilikuwa limekaa. Mimi nilisikia ile tofauti ndogo kila mara, kama kokoto ndani ya kiatu. Nilijiambia ni unywele tu wa ncha, nani ataona? Siku ya nne mume wangu alikwenda msikitini mchana. Nikachukua patasi na nyundo.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. La pili lilimega kipande kama ukucha. Kwa la tatu nilisikia mlio mfupi, mkavu, na jiwe likafunguka katikati. Nilisimama na nyundo mkononi. Kisha, nakiri, nilijaribu kuviunganisha vile vipande kwa mikono, kama vile vingeweza kushikana nikivibana kwa nguvu.

Mume wangu aliporudi alitazama meza, akanitazama mimi. "Utamwambia nini?"

"Nitampelekea," nilisema. Sikuwa na jingine.

Kesho yake nilishuka Kinyangiri na vipande viwili vimefungwa kwenye kanga. Njiani nilitunga uongo wa aina tatu: limeanguka kwenye pikipiki, limegongwa na mbuzi, lilikuwa na ufa. Nilipofika nikamwamkia, nikafungua kanga, na uongo wote ukanitoka kichwani.

"Nilitaka kulirekebisha," nilisema.

Alipapasa sehemu iliyovunjika kwa kidole gumba, taratibu, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Kulikuwa na kasoro gani?" aliuliza.

Nilifundisha watoto wa watu miaka yote ile kujibu maswali, na hilo lilinishinda.

Akachukua kipande kikubwa, akakichimbia nusu ardhini jikoni, akaleta uwele kwenye ungo. "Piga magoti," alisema. Nikapiga magoti nikasaga. Kwa nusu jiwe nafaka inamwagika kila upande, lazima uzoe na kurudia. Magoti yaliuma, mgongo uliuma, nilitaka kusimama kila baada ya kiganja kimoja. Yeye alikaa kwenye kigoda akinitazama mikono. Alisema mara moja tu: "Usikimbie. Sukuma." Jua lilipogeuka tulipata unga wa kutosha sisi wawili. Tulisonga ugali tukala.

Kipande kidogo nilikiomba, akakataa. Amekiweka juu ya mtungi wa maji kama kifuniko.

Sasa nakwenda Kinyangiri kila mwezi, nakaa siku nne tano, nasaga. Ananipokea, ananiuliza habari za watoto, ananichagulia pa kulala. Kuhusu jiwe hatujazungumza tena. Mara nyingine namwona akisimama mlangoni akisikiliza ninavyosaga, na nataka kumuuliza kama amenisamehe, lakini maneno yakifika mdomoni nazoa nafaka iliyomwagika na kuendelea.