Bi Msasa na Magari Arobaini na Matatu

Wenzake walipolipwa kiinua mgongo walijenga mabanda ya kuku. Bi Msasa alichukua chake akanunua kitu cha kumwinamisha mgongo: mashine ya kutafutia chuma ardhini, fimbo ndefu yenye sahani chini na spika za masikioni. Ukoo ukakaa kikao. Wakaafikiana kwamba miaka thelathini na moja ya kufanya usafi hospitalini ilikuwa imempandishia dawa za choo kichwani.

Yeye hana habari. Kila asubuhi anavaa mabuti ya kazini, anamsalimu mlinzi wa shule iliyohama, yule aliyemwombea ruhusa, kisha anaupapasa uwanja wa zamani kama daktari anayepima tumbo. Mashine ikilia, anachimba kwa upawa. Dhahabu hajaiona. Anapata vifungo, vizibo vya soda, na magari ya kuchezea ya chuma yaliyozikwa na watoto ambao leo ni wazee wenye vitambi na vyeo.

Jina hakulipata bure. Hospitalini alisugua sakafu mpaka mganga mkuu akateleza mara mbili, na mara ya pili akampandisha cheo. Basi na magari nayo yalisuguliwa: majivu, ndimu, waya wa kusugulia sufuria, mpaka yakawaka.

Aliishi kwa mwanawe, meneja wa duka la magodoro, mtu anayeongea kama tangazo hata akiomba chumvi. Magari arobaini na matatu yalipangwa rafuni katika chumba cha uani, na chumba hicho mwana alitaka kukipangisha.

"Mama, nakuheshimu, lakini chumba kizima kimelaliwa na vyuma chakavu!"

"Na wewe ulilala humu tumboni miezi tisa. Nilikudai?"

Wakakubaliana aitwe fundi saa wa sokoni, anayekusanya magari ya kuchezea ya kale tangu ujana na kujua bei zake. Akikuta hata moja lenye thamani ya kodi ya mwezi mmoja, chumba kibaki cha mama. Akikosa, rafu inavunjwa Jumapili.

Jumamosi asubuhi fundi akaja na kioo chake jichoni. Mwana akaja na futi, tayari kupimia kitanda cha mpangaji.

Fundi akachukua basi, akaligeuza chali. "Umri wa gari hauko usoni, uko tumboni. Hapa ndipo kiwanda huandika jina." Akakodoa. Tumbo lilikuwa laini kama kipara. Akageukia magurudumu. "Chuma tupu, hayana raba. Madirishani hamna plastiki. Hili la zamani kwelikweli, bibi! Rangi yake iko wapi?"

"Niliitoa," akasema Bi Msasa, akingoja pongezi.

"Uliitoa?"

"Ilikuwa imebabuka. Ilinitoa jasho siku mbili."

Fundi akatafuta kigoda, akakaa. "Mama yangu, watu wananunua rangi ile. Ungeniletea na uchafu wake, na rangi robo tu, ningekupa kodi ya miezi miwili. Sasa hiki ni kijiko chenye magurudumu."

Lori: kijiko. Trekta: kijiko. Alipofika la ishirini alikuwa anaguna kama mfiwa.

"Vijiko arobaini na vitatu, seti kamili!" mwana akatangaza, akivuta futi. "Kitanda hapa, kabati pale."

Ndiyo kwanza ilimwingia Bi Msasa kwamba mwizi wa chumba kile alikuwa mkono wake mwenyewe wa kulia. Akatoka uani, na mtu akichanganyikiwa hufanya anachokijua: akainamia beseni alimoloweka donge alilochimba asubuhi ile, donge la udongo lenye kijingazi mgongoni, akashika waya wake.

Fundi alimwona dirishani. Aliruka kigoda, kiatu kimoja kikabaki chumbani.

"Usiguse!"

"Kuna nyoka?" mwana akauliza.

"Kuna mama yako!"

Akaomba mswaki laini. Mkwe, mke wa mwana, akaleta wa mtoto. Bi Msasa akaamriwa akalie mikono yake. Fundi akadondosha maji, akapiga mswaki kwa ncha, akapuliza. Ukatokea wekundu. Ukazidi. Kisha, tumboni, jina la kiwanda, herufi zote zikiwa salama.

"Gari la zimamoto," akanong'ona. "Rangi karibu yote. Raba tatu kati ya nne. Bibi, hapa nakupa kodi ya miezi minane."

"Na nikilisugua kidogo tu, pale kwenye ngazi?"

"Kila ukisugua, toa mwezi."

Bi Msasa akaikalia mikono kwa nguvu zaidi.

Futi ilimponyoka mwana, ikajirudisha kashani kwa kishindo. "Miezi minane! Mama, sasa tulitazame hili kibiashara..."

"Nyamaza kwanza, godoro wewe."

Fundi akalipa palepale, akaondoka amelikumbatia gari kama kichanga kilichotoka kuchanjwa. Kiatu alikuja kukifuata baadaye.

"Chumba nimekishinda," Bi Msasa akamwambia mwanawe, "ila sitaki masimango. Ulitaka mpangaji? Ndiye huyu. Shika, miezi minane. Kuanzia leo ukija huku piga hodi."

Mwana akapokea kwa mikono miwili, mdomo wazi.

"Na jambo lingine, mwenye nyumba. Bati linavuja pale kona. Watu wanalalamika."

"Watu gani?"

"Mimi."

Mkwe alicheka mpaka akaegemea ukuta. Jumapili mchana meneja wa magodoro alikuwa juu ya paa na nyundo, jasho likimtiririka, huku mpangaji akimwelekeza toka chini:

"Kushoto. Kushoto zaidi! Nyie wenye nyumba mkishakula kodi, masikio yanaziba."